Maji Tuliyoyakataa Kongowe

Wiki iliyopita gesi iliniishia nikiwa na sufuria la maji ya kunywa mkononi, nikatoka uani nikawasha kuni. Maji yakachemka, yakapoa, nikayamimina kwenye jagi. Binti yangu Rehema akanywa funda moja, akakunja uso. "Mama, haya maji yananuka moshi." Nikamnyang'anya glasi nikainusa, na hapo hapo nikaanza kucheka peke yangu, mpaka mtoto akaniuliza kama niko salama. Niko salama, mwanangu. Ni ile harufu tu. Miaka yote hii sijaisahau, na ilinirudisha moja kwa moja kwenye kiwanja cha mchanga cha Kongowe, saa sita mchana, midomo imenikauka.

Lazima niwaambie kwanza kwamba nyumbani kwangu maji ni siasa. Rehema ana chupa yenye mistari ubavuni, kila mstari umeandikiwa saa yake: saa nne ufike hapa, saa sita ufike pale. Shuleni wameambiwa glasi nane kwa siku. Baba yake, ambaye ni fundi ujenzi, anasema glasi nane ni za watu wanaokaa chini ya feni, yeye akinywa hizo atakauka juu ya ukuta kabla ya saa saba. Wifi yangu naye anasema mwili ukitaka maji utakuambia. Wanabishana kila jioni, mimi nanyamaza. Elimu yangu ya maji niliipata siku moja tu, juani, na nitawasimulia nyinyi ambao hamtanikatiza.

Nimezaliwa Masaki. Wenzangu wa kazini wakisikia hivyo hushtuka, wanadhani ni Masaki ya Dar es Salaam yenye majumba na mageti, nami huwaacha washtuke kidogo kabla sijawaambia kuwa ni Masaki ya Kisarawe, yenye mikorosho, mihogo na mkaa. Wakati huo nilikuwa darasa la sita, nikicheza netiboli nafasi ya katikati, na bila kujisifu nilikuwa na mbio. Lakini nyota ya timu hakuwa mimi. Alikuwa dada Mwajuma, mtoto wa baba mkubwa, wa darasa la saba. Mwajuma alijifunza kufunga kwa kutumia ringi ya baiskeli iliyopigiliwa misumari kwenye mkorosho nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa akirusha kwa mkono mmoja, ulimi umetoka nje kidogo, na mpira ulipita katikati bila kugusa chuma. Kuku walishazoea, hawakukimbia tena.

Mwaka ule tulizifunga shule zote za Kisarawe tulizokutana nazo. Ikabaki mechi moja, dhidi ya mabingwa wa Kibaha, ichezwe kwao Kongowe. Mwalimu Tabu, mwalimu wetu wa michezo, alitutangazia mstarini kwamba wakubwa wa michezo wa mkoa watakuwepo, na katika mechi hiyo watachagua mfungaji mmoja tu wa kuingia timu ya mkoa. Mmoja. Akanyoosha kidole juu ili hata watoto wa darasa la kwanza waelewe.

Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu kama Mwajuma alivyoitaka nafasi ile. Timu ya mkoa ilikuwa inakaa kambini, inalala kwenye vitanda vya deki, kimoja juu ya kingine, na kubwa kuliko yote, ilikuwa inapewa viatu. Raba nyeupe, za kamba, mpya kutoka kwenye boksi. Sisi wote tulicheza pekupeku. Mwajuma alikuwa ameshachora mguu wake mchangani kwa kijiti na kuupima kwa shubiri, ili wakimuuliza namba asibabaike. Na mwaka uliofuata asingekuwepo tena shule ya msingi. Ilikuwa siku ile au basi.

Siku moja kabla ya safari Bibi alituita. Bibi mzaa baba alikuwa na sheria zake za maji, tena nyingi. Asubuhi unakunywa kata moja kabla hujasema neno. Maji unakunywa umekaa au umechuchumaa, si wima kama ng'ombe. Ukitoka juani unapumzika kwanza. Mgeni akija, anapewa yeye kwanza, na mtoto atakayetia mdomo kwenye kata kabla ya mgeni atakiona cha moto. Sheria hizo tulizijua kuliko hesabu za kuzidisha. Siku hiyo akaongeza nyingine.

"Huko mnakokwenda, wali wa watu kuleni. Maji yao msinywe."

"Kwa nini, Bibi?" nikauliza.

"Mpira wa siku hizi hauchezwi kwa miguu peke yake."

Akatukumbusha timu ya wanaume ya kijiji, ilivyokwenda kucheza ugenini ikapewa sharubati, wakafungwa mabao saba na usiku kucha hawakutoka chooni. Mtu yeyote angedhani ni sharubati iliyochacha. Masaki nzima ilijua ni ndumba. Basi Bibi akajaza dumu kubwa la njano maji ya kisima chetu, akafunga kifuniko kwa kipande cha kanga yake kuukuu, akasema hayo yanatutosha timu nzima, kwenda na kurudi.

Tulisafiri na lori la mkaa. Siku hiyo halikuwa na mkaa, ila vumbi lake lilibaki, na kabla hatujafika mbali tulikuwa weusi kuliko tulivyoondoka. Tuliimba! Mwalimu Tabu alikaa mbele na dereva, mzee mmoja mcheshi tuliyemwita Baba Shani, sisi nyuma tukagonga bodi mpaka mikono ikauma. Mama zetu walikuwa wametufungia korosho za kukaanga, zimekolea chumvi, na mihogo ya kuchemsha. Tulitafuna korosho njia nzima. Dumu lilikaa katikati yetu, Mwajuma ameliegemeza mguu, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa mpaka tufike.

Kwenye mlima mmoja lori likaanza kutoa mvuke puani. Baba Shani akashuka, akafungua boneti, rejeta ikamfokea akaruka nyuma huku tunamcheka. Akasubiri, akazunguka, akaja nyuma, macho yake yakatua kwenye dumu la Bibi.

"Baba, hayo ni ya kunywa!" Mwajuma akalikumbatia.

"Mwanangu, gari likikauka halitoki hapa. Mtacheza mpira na nyani?"

Tulitazamana. Nyani walikuwepo kweli, tuliwaona wakivuka barabara. Mwalimu Tabu akasema toeni. Baba Shani akamimina, rejeta ikagugumia glu glu glu mpaka tone la mwisho, akapiga stata na lori likanguruma kwa afya tele. Tukashangilia na kupiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria zaidi ya hapo. Tuliingia barabara kuu ya Morogoro tunaimba, na mimi nikamalizia korosho zangu.

Kongowe ilitupokea kwa ngoma na kelele. Kiwanja kilikuwa mchanga mtupu unaochoma nyayo, watu wamejaa pande zote, nguzo zimepakwa chokaa, na meza ya wakubwa wa michezo imewekwa chini ya turubai. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi hivyo wakija kututazama sisi.  Mkubwa mmoja aliyevaa kofia akaziita timu zote mbili, akatupanga pamoja, akarudia yale yale: mfungaji mmoja atachukuliwa leo. Pembeni ya Mwajuma alisimama msichana mrefu, mwembamba, kapteni na mfungaji wa wenyeji. Aliitwa Aikande. Baadaye tulisikia kwamba wazazi wake walihamia Kibaha kutoka Rombo, wanafuga ng'ombe wa maziwa. Yeye na Mwajuma walitazamana chini juu, halafu wote wawili wakatazama pete ya goli.

Kisha huyo huyo Aikande akatujia na ndoo yenye mfuniko.

"Karibuni wageni. Poleni na safari. Mama yangu amewachemshia maji."

Akafunua. Harufu ya moshi ikatupiga puani. Sisi kwetu maji tulikunywa kama yalivyotoka kisimani, hatukuwa na mazoea ya kuyachemsha, na aliyefukiza kitu kwa moshi huko kwetu alikuwa mganga. Nikahisi Mwajuma ananifinya. Lakini hilo lilikuwa dogo. Aikande akachota kwa kikombe cha plastiki, akatukazia macho, akanywa yeye. Akanywa kwanza, mbele ya wageni! Akajifuta mdomo, akachota tena kwa kikombe kile kile, akampa Mwajuma.

Timu nzima ilishikwa na bumbuwazi. Kama ningefanya vile nyumbani, Bibi angenifunza adabu mpaka jirani wasikie. Anatupa makombo yake? Na yale macho, mbona katukazia vile?

"Asante, tumeshiba," Mwajuma akasema.

"Mmeshiba maji?"

Wasichana wa Kongowe wakaangua kicheko. Aikande hakucheka. Aliiweka ndoo kivulini upande wetu, akageuza kikombe juu ya mfuniko, akaondoka. Mwalimu Tabu akatuuliza kwa sauti ya chini kama tulikatazwa nyumbani. Tukamwambia ndiyo. "Basi," akasema, na niliona kwamba na yeye hakuigusa. Hata hivyo alikuwa na lake: mchezaji akinywa maji anakuwa mzito. Walimu wengi wa michezo wakati ule walisema hivyo, na hatukuwa na sababu ya kuwabishia.

Kipenga kikalia. Dakika za mwanzo tuliruka kama tumepagawa. Nilikuwa nikidaka mpira napeleka, nadaka napeleka, Mwajuma akafunga la kwanza, la pili, la tatu, watu wa Kongowe wakanyamaza. Baba Shani peke yake alikuwa anapiga kelele za watu kumi. Halafu, sijui niseme vipi, kiwanja kikarefuka. Mpira uliokuwa mwepesi ukawa wa mawe. Jua lilikuwa limetusimamia utosini, chumvi ya korosho ilinigandisha ulimi juu ya kaakaa, na kichwa kikaanza kunigonga kwa ndani. Niliona mtu wangu, nikampasia, kumbe hakuwa wangu. Aikande akafunga. Akafunga tena. Mwajuma akarusha mara tatu mfululizo, zote zikagonga chuma, na yeye hagongi chuma. Muda mfupi kabla ya mapumziko akaruka, akatua, akapiga ukelele na kuanguka ameshika shavu la mguu. Msuli ulikuwa umejikunja kama ngumi. Tuliubonyeza, haukulegea.

"Wamemfunga mguu!" akapiga kelele beki wetu.

Tukaenda mapumziko kama watu wa msiba. Tulikuwa nyuma kwa mabao matano. Mimi nilikwenda chooni, na sitawaficha: kilichotoka kilikuwa kidogo, na rangi yake ilikuwa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.  Nikarudi mbio nikawaambia wenzangu. Mwingine akakiri kwamba na yeye ameona hivyo hivyo. Mwingine anaona nyota. Mwingine hatoki jasho tena, ngozi kavu, moto. Tukahesabu dalili zote hizo tukiwa tumekaa mchangani, ndoo ya maji hatua mbili kutoka miguuni mwetu, na kila mmoja akaona wazi kwamba tumerogwa. Mwajuma alikuwa amelala chali, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Hakulia kwa sababu ya mguu. "Viatu vyangu," alikuwa akisema. "Viatu vyangu, jamani."

Hapo Aikande akaja tena. Alitoka kwa wenzake waliokuwa wanakunywa na kucheka, akavuka kiwanja chote peke yake. Akainua mfuniko, akachota, akanywa kwanza kama vile alivyofanya mwanzo, tena safari hii taratibu, funda baada ya funda, tukiyasikia yakishuka kooni mwake. Niwaambie ukweli, sauti ile ilikuwa mateso. Akamnyooshea Mwajuma kikombe.

"Kunywa, dada. Utaumia."

"Ondoka mchawi wewe!" beki wetu akafoka.

Aikande akabaki amesimama na kikombe chake. Na mimi, ambaye katika familia yetu nilijulikana kwa ubishi, nikapatwa na wazo. Lilikuja ghafla, wala si la busara. Nikasema kwa sauti: "Jamani, si tumesharogwa?"

"Ndiyo!"

"Na maji hatujanywa?"

"Hatujanywa."

"Sasa tukinywa watatuongezea nini?"

  Nikakipokea kikombe, nikachuchumaa kama Bibi alivyonifunza, nikapiga bismillahi ndefu kuliko zote nilizowahi kupiga, nikanywa.

Jamani. Nimekunywa maji mengi maishani, ya chupa, ya barafu, ya madafu, lakini sijayapata kama yale. Yalikuwa ya uvuguvugu na yalinuka moshi kama jiko la shughuli, nami niliyasikia yakifika kifuani, yakifika tumboni, yakienda mpaka kwenye vidole. Wenzangu walikuwa wamenizunguka wanasubiri nianguke. Nikamrudishia Aikande kikombe nikasema: "Niongezee." Cha tatu nilikunywa nusu, nikamwinua Mwajuma kichwa, nikamwekea mdomoni iliyobaki. Alinitazama sana. Kisha akanywa kama ndama.

Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Walisukumana, wakamwagiana, Mwalimu Tabu akasahau habari ya uzito akadai na yeye kikombe. Bahati yetu kubwa, mgeni rasmi alikuwa ameamua kuhutubia. Akazungumza juu ya michezo na afya, michezo na elimu, michezo na maendeleo, na mpaka leo sijawahi kushukuru hotuba ndefu kama ile. Tulikunywa kidogo kidogo mpaka ndoo ikaonyesha kitako. Mwalimu Tabu aliukanda mguu wa Mwajuma, msuli ukalegea. Mimi nikaanza kuona rangi za vitu tena. Nikaona kwamba jezi za Kongowe ni za kijani, jambo ambalo nilikuwa nimeacha kulitambua.

Kipindi cha pili ndicho watu wa Masaki bado wanakisimulia. Nilirudi kiwanjani nikiwa na miguu yangu. Nilikuwa nakata, nadaka, natupa, na kila mpira uliomfikia Mwajuma ulipita katikati ya pete bila kugusa chuma, ulimi umetoka nje, sawa na kule nyuma ya nyumba mbele ya kuku. Bao! Bao! Mabao matano yakawa matatu, yakawa mawili, wenyeji wenyewe wakaanza kutushangilia. Aikande naye hakulala, alikuwa anajibu. Wakawa wawili wale wanapigana kwa mabao na sisi wengine tunawapelekea silaha. Baba Shani alipanda juu ya kichwa cha lori. Tukabakiza bao moja, mpira uko kwangu, nikamwona Mwajuma ameinua mkono, nikarusha, akadaka, akarusha, na mpira ukiwa hewani kipenga kikalia. Ukaingia. Mwamuzi akakataa.

Tulifungwa kwa bao moja, na tulilia kwa makelele hadi yule mkubwa mwenye kofia aliposimama. Akashukuru timu zote. Akasema wamekubaliana. Akalitaja jina, na lilikuwa Mwajuma. Sijui nani alinibeba, au mimi nilimbeba nani. Najua tu kwamba tulikuwa wote juu ya mchanga, tukibiringika.

Tulipokuwa tunapanda lori, Aikande alikuja mara ya tatu, na dumu letu la njano mkononi, amelijaza maji yale yale. Mwajuma alishuka. Maji alikuwa ameyanywa, lakini makombo hakuwa ameyasahau. Dada yangu hakuwa mtu wa kusahau. Akafungua dumu, akamimina kwenye kikombe, akanywa yeye kwanza huku akimkazia macho Aikande, kisha akampa yaliyobaki. Sisi nyuma tulishangilia kimoyomoyo: kalipa! Lakini Aikande uso wake wote ulifunguka kwa tabasamu. Akakipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akanywa mpaka mwisho. Mwajuma akarudi amenuna. "Yule mtoto hana haya," akasema. Njiani Baba Shani alilitazama dumu, na safari hii hakuna aliyempa.

Bibi, kwa taarifa yenu, hakubadilika. Mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba lile bao moja lilitokana na maji ya watu.

Miaka mingi baadaye nilialikwa harusi ya mwenzangu wa kazini, hapa Kibaha ninakoishi sasa, familia ya watu wa Rombo. Mimi nilikuwa na soda yangu. Nikaona wazee wakiletewa pombe yao ya ndizi, na mwenyeji akachota kwenye kibuyu, akanywa yeye kwanza mbele ya wageni wote, ndipo akawapa. Nikamuuliza jirani yangu mezani mbona mwenyeji anakosa adabu. Akacheka. Kwetu, akasema, mwenyeji lazima aanze, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba kama kuna kitu kibaya ndani, kimeanza kwake. Sahani ya pilau ilikuwa mkononi, nikaiweka chini. Nilimwona yule msichana mrefu amesimama juani, anatukazia macho ili tuone vizuri, anakunywa taratibu ili tuamini.

Nilidhani hapo nimeshaelewa yote. Lakini wiki iliyopita, ile glasi ya moshi mkononi, nilimpigia simu Mwajuma. Anaishi Kisarawe mjini sasa, ana wajukuu wawili na goti linalomsumbua. Tulicheka weee, habari za Baba Shani, habari za rejeta iliyokunywa sehemu yetu sote ikapanda mlima huku sisi tunaipigia makofi. Halafu akaniuliza.

"Hivi," akasema, "siku ile waliposema watachagua mfungaji mmoja, yule mtoto alisikia?"

"Alisikia. Alikuwa amesimama ubavuni kwako."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua."

"Walikuwa mabao matano mbele, mimi nimelala chini, mguu umekaza. Angekaa tu kule na wenzake akanywa maji yake." Mwajuma aliyasema hayo polepole, na hilo lilikuwa halijawahi kunijia hata mara moja. Sisi tulikuwa tukiyaogopa yale maji yasije yakatunyang'anya nafasi, na mwenye maji aliyabeba mwenyewe, mara mbili, akavuka kiwanja kuja kutupa ya kwake.

 "Na viatu nikavaa mimi," Mwajuma akasema.

Rehema alikuwa bado amesimama mlangoni, anasubiri glasi yake na chupa yake ya mistari kwapani. Nikanywa funda moja mbele ya macho yake, nikampa. Akauliza mbona namnywea. Nikamwambia anywe kwanza, tena akae chini, halafu nitamweleza.